Gitaa la Marehemu Karisa

Mimi ni mtu wa kusema haraka, na Mwaro wa Marafa ni mtu wa kusikiliza. Laiti siku ile ningefunga mdomo.

Mwaro anatunza bustani za hoteli hapa Malindi. Zamani alikuwa mpiga gitaa, akimfuata nyuma kaka yake Karisa, na harusi ikikosa mikono ya Karisa watu walinung'unika. Karisa alipofariki, baba yao hakutaka kuliona gitaa lake la umeme, la miaka ya sitini. Kabla matanga hayajaanuliwa alikwisha kumpa Mwitaliano mmoja aliyelipenda. Mwaro alikuta msumari mtupu ukutani, na tangu hapo hakushika gitaa lolote.

Mwaka jana Mwitaliano naye akafa, akiwa ameusia gitaa lirudi kwa Mwaro. Lakini yalikuwapo mawili. Alikuwa amenunua jingine, toleo jipya lililotengenezwa kwa kufuata lile la zamani, kisha yote akayapaka rangi nyekundu. Mjane wake, Bi Nelly, hakujua lipi ni lipi, naye alikuwa akihamia Ulaya wiki ile ile.

"Chagua moja, Mzee Mwaro," alisema. "Jingine nitampelekea mwanangu."

Mwaro aliniita mimi, fundi wa redio, nimsaidie. Akalipiga la kwanza, safi, skrubu zinang'aa.

"Fundi Muhidin, hili lanijua."

"Lakujua vipi? Gitaa ni mbwa?" Nikacheka. Nikamwonyesha la pili, skrubu zimeliwa, vyuma vinabanduka maganda. "Tazama hapa. Hii kutu ya miaka sitini, mzee wangu. Mimi kutu naijua."

Akalipiga la pili, akalirudia la kwanza, akanitazama kama mgonjwa anavyomtazama daktari. Kisha akachukua lenye kutu.

Baada ya mwezi akaniletea nibadilishe waya za ndani. Nilipofungua shingo, mahali rangi isipofika, nikauona muhuri wa kiwanda: 2011. Kumbe hili ndilo jipya. Nikampigia simu Bi Nelly, nikamuuliza lile lenye kutu lilikuwa likikaa wapi.

"Barazani, mkabala na bahari," akasema. "Lile jingine marehemu alilifungia ndani ya chumba chenye kiyoyozi, halikutoka."

Mimi niliyezaliwa hapa, ambaye kila baada ya miaka michache nabadilisha mabati ya banda langu kwa sababu ya chumvi ya bahari, sikukumbuka hata kuuliza! Nikamwomba alirudishe. Akasema mwanawe alikwisha kuliuza sokoni, hajui kwa nani.

Jioni Mwaro alikuja kulichukua. Akapiga kidogo, akasita.

"Fundi, usinicheke. Nalipiga kila siku, na Karisa simsikii. Siku ile nilimsikia kwenye lile jingine. Au masikio yangu ndiyo yamezeeka?"

Muhuri nilikuwa nimekwisha kuufunika na skrubu kuzikaza. Niliona haya, na niliogopa kumwona akilia mbele yangu.

"Yamezeeka, mzee wangu," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Akalifunga gitaa kwenye leso pana, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwamba nilimzuia asichague vibaya.