Kura Mama Aliyomwazima Karani

Enzi zetu, Marekani ilikuwa kitambaa. Kilikuja kwa robota, cheupe, kigumu kama mbao kabla hakijafuliwa, na msichana aliyeshonewa gauni la marekani wakati wa Krismasi alilivaa mpaka likageuka blauzi, kisha likageuka tambara la kushikia sufuria. Kwamba huko kitambaa kilikotoka kuna watu wanaopiga kura, hakuna aliyetuambia, nasi hatukuuliza.

Siku hizi Marekani imehamia sebuleni kwangu. Mjukuu wangu analala kwenye kochi langu, miguu juu ya stuli yangu, anafuatilia uchaguzi wa wenyewe kana kwamba ana shamba huko. Juzi akaniita jikoni. "Shosho, kuja uone! Huko mwenye digrii anapigia huyu, asiye na digrii anapigia yule. Weusi huku, weupe kule. Wanajua utapigia nani kabla hujaamka!"

Nikamwambia hiyo habari niliijua nikiwa sijamaliza kuota meno ya mbele, tena niliipata kwenye foleni ya maji. Akacheka. Simlaumu. Mimi niliishia kidato cha pili, na safari yangu ndefu maishani ni kwenda Subukia kwa dada yangu, ambako hurudi siku hiyo hiyo kwa sababu siamini kitanda cha mtu mwingine. Nani atanisikiliza kuhusu Marekani? Lakini ninyi wa rika langu, hasa mliolelewa Landhi ya reli hapa Nakuru, ninyi mtanisikiliza.

Mnaikumbuka ile Landhi? Nyumba ndefu kama mabehewa yaliyosahauliwa, kila familia chumba kimoja, na mfereji mmoja wa maji kwa safu nzima. Asubuhi king'ora cha shedi ya kutengeneza treni kililia na kina baba wakatoka wakinuka grisi ya jana kwenda kutafuta grisi ya leo. Mchana upepo ulivuka kutoka ziwani na lile vumbi jeupe la magadi, ukala uji wenye chumvi usiyoitia. Tulicheza mchezo wa kati kwa mpira wa matambara, tukaruka kamba ya mkonge iliyotuchapa miguu, na jioni kila mama alisimama mlangoni akaita watoto wake kwa lugha ya kwao. Ukisikia Kiluhya, ni mimi. Kijaluo, ni watoto wa Okelo. Kikikuyu, ni Wambui. Sote tulizijua lugha zote za kuitwa kula. Ya kwenda shule hatukuijua hata moja.

Jambo kubwa Landhi lilikuwa kuazimana. Hakuna nyumba iliyokuwa na kila kitu. Karai lilikuwa la mke wa Okelo, ungo ulikuwa wetu, shoka la mtu wa mwisho kule, na baiskeli ilikuwa ya Karani. Na sheria ilikuwa moja: kitu cha kuazimwa hakirudi kitupu. Ukiazima bakuli la unga, unalirudisha na ndizi mbili, au na limau, au hata na majani ya kunde yaliyonyauka, mradi lisirudi likionyesha sakafu yake. Aliyerudisha chombo kitupu alisemwa mferejini mpaka masikio yakamwasha.

Sasa huyu Karani. Alikuwa baba yake Wambui, karani wa mizigo pale stesheni, Mkikuyu mwembamba aliyetembea na kalamu mfukoni hata Jumapili. Alikuwa amesoma kuliko mtu yeyote kwenye safu yetu, pengine kuliko safu zote ukizifunga pamoja. Lakini ile ilikuwa miaka ya hali ya hatari, serikali ya Wazungu ikimshuku kila Mkikuyu. Karani aliishi mjini kwa kibali, na kila askari aliyepita alitaka kukiona, hata yule aliyekiona asubuhi. Watu walimsalimia kwa kichwa, haraka, wasionekane wamesimama naye. Ni Mama yangu tu aliyeendelea kupeleka ungo kwa Mama Wambui na kukaa huko mpaka mchele ukaisha mawe.

Basi ukaja ule uchaguzi wa kwanza wa Waafrika, mwaka wa hamsini na saba. Na Wazungu, kwa hekima yao, walisema Waafrika hawalingani. Huyu apewe kura moja, yule mbili, mwingine tatu. Walikuwa na hesabu yao: kisomo, mshahara, utumishi, umri. Sikuielewa wakati ule na sijaielewa bado. Ninachojua ni kwamba Baba, fundi msaidizi wa shedi, aliyeingia reli akiwa kijana na kusoma kwake kukaishia kuandika jina, alipewa moja. Mama, aliyelelewa na wamishonari na kufundisha watoto kabla ya kuolewa, alipewa mbili.

Oho! Landhi ilikula habari hiyo wiki nzima bila kuongeza mboga.

"Baba Roda," Okelo alimwita mferejini, maana Roda ni mimi, kwa sauti ya kusikika mpaka shedi, "nasikia kwako jogoo anawika mara moja, kuku jike mara mbili!"

"Wewe Okelo hukupewa hata ya kukohoa," Baba akajibu. "Nyumba yangu ina kura tatu. Tatu! Na zote ni za mtu wetu."

Mtu wetu ni yupi? Wagombea waliopita kwetu wakituhutubia walikuwa wawili, na sitawataja, maana wajukuu wao tunasalimiana sokoni. Mmoja alizaliwa upande wetu wa magharibi. Mwingine alikuwa mtu wa huku huku Bondeni. Hakuna aliyeuliza walichosema. Pale mferejini kura zilihesabiwa kama watoto wanaoitwa kula: hawa wa kwetu, hawa wa kwao. Waliosoma kidogo walijifanya wanapima maneno, kisha wakapima wakaangukia palepale kwa mtu wa kwao, ila kwa Kiingereza.

Na Karani? Kwa kisomo chake angepewa hata tatu. Hakupewa. Mkikuyu alitakiwa awe na cheti cha kuonyesha kwamba ni mtiifu kwa serikali, na Karani hakuwa nacho. Kwa hiyo mtu aliyesoma kuliko wote alikaa mlangoni akituangalia tukijadili uchaguzi, kama mtu anayesikia harusi ya jirani.

Jioni moja tulikuwa tunakula ugali na mrenda, Baba akiwa amechangamka.

"Mama Roda, nimewaambia shedini. Kura tatu, ndani ya mtu wetu, po!"

"Umewaambia za nani?"

"Zetu."

"Mbili ni zangu, Baba Roda."

"Na wewe ni wa nani?"

Mama alicheka, akamwongezea mrenda. "Moja nitampa mtu wako, kwa heshima yako. Ya pili nimeshamwazima Karani."

Mkono wa Baba ulibaki hewani, mrenda ukining'inia kama kamba ya kengele. Mimi na ndugu zangu tuliacha kutafuna.

"Umemwazima nani?"

"Karani. Nilimuuliza angekuwa na kura angempa nani. Akasema yule wa Bondeni."

"Kwa nini yule? Si wa kwao wala si wa kwetu!"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema walipopita hapa kusalimia watu, mmoja alimuuliza jina la baba yake, ajue ni wa wapi. Yule wa Bondeni alimuuliza jina lake."

Baba alisukuma sahani. Ninyi hamkumjua Baba. Kusukuma sahani kwake kulikuwa kama mtu mwingine kuvunja dirisha. "Mwanamke, hii nyumba ni ya reli! Wakisikia tunapiga kura kwa niaba ya Mkikuyu, tutalala wapi? Mlimani Menengai, na fisi? Na watu wa shedi nitawaambia nini? Nenda kamwambie umebadilisha mawazo."

Hapo ndipo nilipoogopa. Niliona masanduku yetu yametupwa nje, mimi nimekaa juu yake, Wambui akinitazama. Mama hakupandisha sauti. Aliokota tonge lililoanguka, akauliza kama mtu anayeuliza bei ya vitunguu.

"Usiku ule Roda anazaliwa, ulimfuata mkunga kwa baiskeli ya nani?"

"Ya Karani," Baba akasema chini chini.

"Na uliirudisha na nini?"

Baba akaangalia paa.

"Na pancha," Mama akasema. "Baba Roda, uliirudisha baiskeli ya watu na pancha. Karani akasema asante, akaenda kazini kwa miguu. Tangu siku hiyo sijampelekea kitu cha kufanana na mtoto. Sasa nimepata."

Kwa mara ya kwanza niligundua kwamba mimi, niliyekaa pale na mrenda kidevuni, nilikuwa deni. Si jambo dogo kumtokea mtoto wakati wa chakula.

Baba alivuta sahani yake polepole. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema tu, "Usimwambie Okelo."

Siku ya kupiga kura Mama alivaa viatu vya kanisani, Baba akavaa koti lililokuwa likinuka grisi hata mfukoni. Nami nilimbeba mdogo wangu nikafuata nyuma. Tulipopita mlango wa Karani, alikuwa amesimama pale na kalamu yake mfukoni. Mama hakumsalimia kwa kichwa kama wengine. Alisimama, mbele ya safu nzima na askari aliyekuwa njiani.

"Karani, natoka. Kuna la kubadilisha?"

"Ni vile vile, Mama Roda."

"Haya."

Baba alikuwa ametangulia hatua chache. Akasimama. Nilifikiri atamwita Mama kwa hasira. Alirudi, akavua kofia, akampa Karani mkono, kisha akatazama lile gurudumu la baiskeli iliyoegemea ukuta, kana kwamba anauliza hali yake.

Mtu wetu alishindwa, tena vibaya, na ingawa hata kura za Landhi nzima zisingemwokoa, kwa miaka mingi kila ugali ulipoungua Baba alisema, "Ni kama ile kura moja." Reli haikutufukuza. Okelo alijua kabla ya jioni, bila shaka, na cha ajabu hakuwika. Alikuja kuazima ungo, akaurudisha na samaki.

Mambo yakageuka, hali ya hatari ikaisha, na uhuru ulipokaribia kila mtu mzima akapewa kura yake, moja moja, msomi na asiyesoma. Asubuhi ya uchaguzi mlango wetu ukabishwa. Ni Karani, amevaa tai, mkononi bakuli la njahi, yale maharagwe meusi ya kwao, zilizopikwa vizuri.

"Mama Roda, nimekuja kurudisha. Nimpigie nani?"

Mama alifungua mdomo, lakini Baba akamtangulia. "Nenda kapige yako mwenyewe, Karani. Hudaiwi. Ile ilikuwa ya pancha."

Walicheka wale wazee wawili mpaka Karani akashika mlango. Njahi tulikula. Bakuli Mama alilirudisha jioni, na mayai ndani.

Yote haya nilimsimulia mjukuu wangu. Alizima sauti ya tivi, jambo ambalo hajawahi kunifanyia hata nikiwa mgonjwa. Akafikiri, kisha akaniuliza, "Shosho, sasa Mama yako wangemweka kundi gani? La waliosoma, ama la kabila?"

Nikamuuliza jirani yetu wa mlango wa pili anaitwa nani. Hakujua. Ana digrii, anajua kaunti za Marekani kwa rangi zake, na ukuta mmoja tu unamtenga na mama wa watu ambaye humsikia akikohoa. Sikumcheka sana, kwa sababu hata mimi nilijua tu anatoka upande gani. Tumeishi hivyo, sisi wa Nakuru. Uchaguzi ukikaribia tunanunua unga wa mwezi, tunafunga mageti mapema, na tunajuana kwa majina ya baba zetu. Tumeona moshi wa nyumba za majirani pia, na sitaki kuukumbuka leo.

Zamani tulikuwa na kura nusu nusu na chumvi ya kuazimana. Sasa kila mtu ana kura yake nzima, na chumvi yake, na bakuli zangu zote ziko kabatini. Hakuna hata moja iliyo nje kwa mtu.

Jana nilitoa moja. Nikatia kunde, nikamtuma mjukuu wangu mlango wa pili, nikamwambia asimuulize yule mama lolote ila jina lake.