Dirisha la Upande wa Mlima

Enzi zetu kiti cha dirishani hakikuwa na namba. Hukukichagua kwa simu huku umejilaza kitandani. Ulikipigania. Garimoshi likiingia stesheni ya Morogoro, kabla halijasimama sawasawa, watu walikwisha kurusha vitu vyao ndani kupitia madirisha: kikapu, mkeka, jembe lililofungwa gunia. Mtoto naye alipitishwa huko huko, akakalishwa kwenye benchi na kuambiwa ajitanue, asimpishe mtu mpaka wakubwa waingie kwa mlango. Wa rika langu wanalijua hilo. Wengi wetu tuliingia ndani ya garimoshi mara ya kwanza kwa kutanguliza kichwa.

Nazungumzia daraja la tatu, miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Mabenchi yalikuwa ya mbao tupu. Behewa lilinuka samaki wakavu, tumbaku, machungwa yaliyoanza kuoza na watoto waliokojoa. Aliyekaa dirishani alipigwa na moshi njia nzima, akashuka na macho mekundu na kola nyeusi. Lakini huyo ndiye aliyenunua mayai ya kuchemsha na ndizi kila stesheni, na wa ndani wote walimbembeleza awanunulie. Leo nawaona vijana wanalipa zaidi wapate dirisha la ndege, kisha wanashusha kipazia ili jua lisipige kwenye simu. Mtu amelipia mawingu halafu anatazama watu wakicheza ngoma kwenye kioo cha mkononi. Siwalaumu, hawakuwahi kuligombania.

Sisi tulikuwa watu wa Kinole, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru. Nakumbuka mvua kwanza. Ilianza kunyesha juu msituni, tukaisikia kabla hatujaiona, na mama akatuita tuanue iliki zilizoanikwa mkekani. Nakumbuka harufu ya iliki ile kwenye nguo zetu, hata kwenye sahani. Kwetu hakukuwa na mahali tambarare pa kuchezea mpira, mpira ukikuponyoka unaufuata mtoni. Kwa hiyo wavulana waliteleza mteremkoni juu ya magome ya migomba, na sisi wasichana tulicheza mdako kwenye kibaraza cha nyumba ya bibi yangu, mzaa mama, aliyeitwa Mwanaidi. Jioni tulikwenda chuoni kusoma Kurani, tukiwa na matope mpaka magotini, na mwalimu alituosha miguu kwa ukali kabla ya kutufundisha.

Bibi Mwanaidi hakuwa mtu wa kubembeleza watoto. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye sauti ya chini, na ukimwamkia shikamoo alichukua muda kidogo kabla ya kuitikia marahaba, kana kwamba anakukagua kwanza. Yeye ndiye alikuwa mkubwa wa wanawake wa lukolo letu, yaani ukoo wetu wa upande wa mama, na kwa Waluguru ardhi hupita huko. Mashamba yetu yalikuwa vipande vipande, kimoja bondeni penye migimbi, kingine juu karibu na msitu, kingine penye makaburi ya wazee. Kila mwaka, kabla ya mvua za kupandia, Bibi alituchukua mama yangu, mama wadogo na sisi mabinti, tukazunguka mipaka yote kwa miguu. Kila penye alama, jiwe au mti, alisimama, akaweka kiganja, akataja jina la aliyelima hapo kwanza. Na sisi tuliweka viganja vyetu, mmoja mmoja, mpaka mdogo kabisa. Hakuna aliyeandika chochote. Ulipaswa kujua kwa miguu yako.

Kisha macho yake yakaanza kuingia giza. Kwanza alilalamika kwamba asubuhi siku hizi zina ukungu mwingi. Baadaye tulimwona akipapasa jiwe la mpakani kabla ya kulifikia, na mwaka uliofuata alitembea ameshika bega langu. Jicho moja lilikuwa jeupe kabisa, la pili lilibaki na mwanga kidogo: aliweza kuona kilicho kikubwa, kama paa la nyumba au mtu aliyesimama mlangoni, lakini sura hakuziona. Mjomba wangu, mwanawe wa pekee wa kiume, alikuwa akifanya kazi Dar es Salaam. Akamtuma mfanyabiashara wa machungwa atuambie kwamba huko kuna daktari wa macho, mama yake aletwe upesi.

Bibi alikataa. Alikataa msimu mzima wa mavuno. Hakuogopa kisu cha daktari, alisema hivyo waziwazi. Aliogopa kufia mahali pasipo na mtu wa kwao chini ya udongo. Mama alilia, mama wadogo wakazungumza naye, na mwishowe akakubali kwa sharti moja tu.

"Mtaniweka dirishani, upande wa mlima," alisema. "Niutazame mpaka uishe. Macho yakipona, nitauona tena. Yasipopona, basi kwetu kuwe ndicho kitu cha mwisho nilichokiona."

Hilo ndilo jambo lililokuwa mikononi mwetu, mama na mimi. Sikuwa mkubwa, lakini nilielewa.

Tuliteremka kwa miguu, tukapita Kiroka, tukalala kwa jamaa zetu Bigwa, na alfajiri tukaingia stesheni. Ulikuwa msimu wa masika. Ukungu ulikuwa umeufunika mlima mpaka miguuni, mgeni asingejua kama Morogoro ina mlima. Mama akauliza tukae upande gani. Bibi hakusita hata kidogo.

"Kushoto. Kwenda mjini mlima uko mkono wa kushoto. Tangu nikiwa mwali."

Na alikuwa anasema kweli. Kutoka Kinole kwenda Morogoro njia inauzunguka mlima, na mtu anayekwenda mjini huwa nao kushoto mwanzo hadi mwisho. Watu wa mlimani hatukuwa na kaskazini wala kusini. Tulikuwa na juu na chini, kwenda na kurudi. Kwenda ni mlima kushoto, kurudi ni mlima kulia. Na Dar es Salaam kwetu ilikuwa ni kwenda, tena kwenda kwa mbali kuliko kote. Mama akamwuliza mchukuzi mmoja kichwa cha garimoshi kinaelekea wapi, akahesabu kushoto, akaninyanyua na kunipitisha dirishani. Nilijitanua kwenye benchi kama nilivyoagizwa. Bwana mmoja alitaka kukaa nikamwambia bibi yangu anakuja, akanuna lakini akaniacha. Bibi akaingia, akakalishwa, akaegemeza paji la uso kwenye fremu ya dirisha. Garimoshi likapiga honi.

Tukaenda. Bibi alitazama nje bila kupepesa. Mimi niliona mashamba ya mkonge, mistari kwa mistari, na nyanda zisizokwisha. Mama naye alitazama, na nadhani alijiambia kwamba ni ukungu tu, utapanda. Tulipopita Kingolwira, Bibi alitoa mkono nje ya dirisha, akaurudisha, akaushika uso wake.

"Jua linanipiga usoni," alisema.

"Nisogeze kanga, mama?" mama yangu akamwuliza.

"Nasema jua linanipiga usoni. Kwenda mjini asubuhi jua liko mgongoni. Tunarudi nyumbani."

"Hapana mama, tunakwenda Dar es Salaam."

"Basi Dar es Salaam iko njia ya kwetu. Na mlima uko nyuma yangu."

Mama akageuka. Upande wa pili wa behewa, kati ya mabega na vikapu vya watu, ukungu ulikuwa unapanda, na chini yake mlima ulikuwa umesimama, mweusi, mrefu. Sijapata kumwona mama yangu amekosa la kufanya namna ile. Behewa lilijaa mpaka njiani. Watu wamekaa juu ya magunia, kuku wamefungwa chini ya mabenchi. Dirisha la upande ule lilikuwa na mama mmoja mnene aliyejaza matenga ya ndizi mpaka usawa wa kifua, na yeye amesinzia. Na mlima haungojei, kila gurudumu lilipozunguka sisi tuliuacha.

Mama alikuwa mtu wa haya. Kuomba maji tu kwa jirani kulimchukua nusu saa ya kuamkiana. Siku ile alisimama juu ya benchi akapaza sauti behewa zima likasikia.

"Jamani, nisaidieni. Mama yangu macho yake yanazimika. Anataka kuona kwao, na kwao kuko dirisha lile."

Hakuna aliyeuliza maswali. Yule bwana niliyemnyima nafasi ndiye alikuwa wa kwanza kuinuka. Walimpitisha Bibi mkono kwa mkono, juu ya magunia, huku kila mmoja akimwambia pole mama, taratibu mama, shika hapa. Yule mama wa ndizi akazinduka, akaelewa kwa kutazama tu, akabeba tenga moja mapajani, lingine akampa mtu asiyemjua, akampisha. Mimi nilipita chini, katikati ya kuku. Tulipofika dirishani garimoshi lilikuwa linapunguza mwendo kuingia Mikese.

Bibi aliinua uso. Ukungu ulikuwa umekwisha. Nilimwona akiutafuta mlima, kichwa kikienda huku na huku, kisha kikatulia.

"Ule?"

"Ndiyo, Bibi."

"Kinole iko wapi?"

Nikatazama. Wasomaji wangu, mimi nilikuwa najua kila jiwe la Kinole. Ningeweza kwenda mtoni usiku wa giza bila taa. Lakini pale Mikese sikuona jiwe, wala njia, wala nyumba, wala mgomba. Niliona kitu kikubwa cha samawati kimekaa mbali, hakina mlango. Hatukuwahi hata siku moja kuutazama mlima wetu tukiwa nje yake. Nikageuka kwa mama, naye alikuwa anatafuta, na yeye hakupaona.

"Sipaoni, Bibi," nikasema.

Nilifikiri atalia. Badala yake alianza kutaja mashamba, kwa sauti yake ile ya chini, moja moja, kwa mpangilio tuliouzunguka kila mwaka. Kutoka migimbini kwenda jiwe la kwanza. Kutoka jiwe la kwanza kwenda mkuyu. Alitaja na majina ya watu. Kiganja chake kilikuwa juu ya ubao wa dirisha, na kila alipotaja alama alikisogeza kidogo. Mama akaweka chake kando ya cha Bibi. Nami nikaweka. Yule mama wa ndizi hakujua maana yake, lakini aliinamisha kichwa. Tulipoondoka Mikese mlima ulianza kurudi nyuma, na karibu na Ngerengere Bibi alikuwa ametoa kichwa nje kabisa, moshi unamwingia machoni, na hakuna aliyethubutu kumwambia akirudishe.

"Umekwisha," alisema hatimaye. "Nipe maji."

Hakufika kwa daktari. Joto la pwani na homa vilimkuta kwa mjomba, akadhoofika haraka, akafa asubuhi, na jioni ileile akazikwa katika mchanga wa Dar es Salaam, kama dini inavyotaka na kama umbali ulivyolazimisha. Nilimchukia mchanga ule. Nilikuwa mtoto wa udongo mwekundu unaoshikamana, na mchanga ule ulibomoka kila mjomba alipochota kwa koleo. Mama hakulia makaburini. Alilia tuliporudi, ndani ya garimoshi, mlima ulipotokea upande wa kushoto, karibu kabisa na dirisha alilokaa, mzima, bila ukungu.

Ninayeandika haya sasa ni mkubwa kuliko Bibi alivyokuwa siku ile. Niliolewa mjini Dar es Salaam, nikazaa mjini, nikazeekea huku. Juzi mjukuu wangu, binti wa binti yangu, alinipeleka Dodoma kwa ndege. Akanichagulia dirisha kwenye simu yake, upande wa kushoto. Mtoto mzuri huyu, ana heshima, haachi kunisalimia. Tulikaa viti laini, hakuna aliyemkanyaga mwenzake, hakuna kuku, na hakuna aliyemwamkia jirani yake. Muda mfupi tu baada ya ndege kuruka, milima ya Uluguru ikatokea chini yetu, yote kwa mara moja, na msitu umebaki kama kofia kileleni. Mjukuu wangu akainama juu yangu akapiga picha nyingi.

"Bibi, mandhari yenu ni nzuri kweli," akasema.

Alisema mandhari yenu. Kwa taratibu zetu ardhi ile ni yake, ilipita kwa mama yangu, ikaja kwangu, inakwenda kwake, na hajawahi kuikanyaga. Siwezi kumlaumu, mimi ndiye niliyezaa mjini. Nilitaka kumtajia mashamba. Nilianza na migimbini, nikafika jiwe la kwanza, naye akaniitikia vizuri, ee Bibi, ee Bibi, macho yakiwa kwenye picha alizopiga. Sisi tulijua mlima ule kwa nyayo, tukashindwa kuutambua kwa macho. Wao wanautambua kwa macho hata kutoka mawinguni. Katika nyumba yetu nimebaki peke yangu niliyeuzunguka kwa miguu, na nikiondoka mimi, utakuwa mlima wa kutazamwa dirishani tu.