Bibi Harusi Mkalimani

Nilianza kujifunza Kitagalogi kwa ubaya. Sikukipenda, wala sikuwa na haja nacho. Nilitaka kumkamata mtu.

Mwanangu wa pekee alikuwa amepata mchumba Mfilipino, mhasibu mwenzake katika ofisi moja huko Midrand. Binti mpole, Mkatoliki kama sisi, na ugali anakula bila kubembelezwa. Sikuwa na neno naye. Ila mama yake, mjane kama mimi, alikuwa kwao Batangas, huko Ufilipino, na binti alishasema wazi kwamba bila baraka za mama hakuna ndoa. Basi tukawa tunampigia simu ya video Jumapili baada ya misa, nyumbani kwangu, mtaa wa Observatory hapa Johannesburg. Yule mama Kiingereza chake ni cha salamu tu, mimi nina Kiswahili na Kiingereza nilichozeeka nacho kazini benki, na bibi harusi mtarajiwa kakaa katikati yetu, ndiye mkalimani.

Siku ya kwanza yule mama aliongea mpaka chai yangu ikapoa. Akapangusa macho, akaongea tena. Binti akanigeukia, akasema kwa Kiingereza kwamba mama anashukuru, amefurahi. Basi? Maneno yote yale ndiyo hayo mawili? Nikamuuliza mbona analia, akaniambia ni furaha tu. Eti furaha! Moyoni nikasema huyu mama anatusema. Anamwambia mwanawe, umekosa watu wote duniani mpaka ukaokota Mwafrika. Mwanangu alisema nina dhana mbaya. Nikamwambia panapofuka moshi pana moto.

Parokiani kwetu kulikuwa na mama Mfilipino aliyekuwa akimtunza bibi kizee mmoja mtaani, na Alhamisi alasiri alikuwa na mapumziko. Nikamwomba anifundishe lugha yake, naye akataka nimfundishe kupika chapati. Nikanunua daftari, nikalipiga mistari ya safu tatu: Kitagalogi, Kiingereza, Kiswahili. Baada ya wiki chache ile safu ya katikati ikaanza kunikera. Wana neno dogo, “po,” wanalichomeka kila wakisema na mkubwa. Kiingereza hakina pa kuliweka, nikaacha wazi, na upande wa Kiswahili nikaandika: hii ni shikamoo, ila haikai mwanzoni tu, inakwenda na wewe mpaka mwisho wa mazungumzo.

Mwezi wa pili wa masomo mwalimu wangu alinifungulia mlango akaniuliza, “Kumain ka na ba?” Yaani, umekula? Nikaanza kumweleza nilichokula, akacheka. Akasema hapo mtu haulizwi habari za tumbo, anaambiwa kwamba sasa yeye si mgeni. Hilo nililielewa upesi, maana kwetu Mombasa hakuna anayekukuta mezani asiambiwe karibu.

Nikaendelea hivyo mwaka mzima, na nyumbani hawana habari. Mwanangu alidhani nimejiunga na jumuiya nyingine ya kina mama. Hadi leo nikisimama kwenye ile robot, taa za barabarani, ya kona ya kwa mwalimu, midomo inaanza yenyewe kurudia maneno.

Ikaja Jumapili ya kupanga harusi. Mimi nilikuwa nimeshaandikisha ukumbi wa parokia, na kitambaa cha sare nimeshachagua, maana mtoto ni mmoja na harusi ni moja. Nikamwambia binti kwa Kiingereza, tena kwa sauti ya mwenye nyumba, amweleze mama kwamba harusi itakuwa hapa Johannesburg. Binti akamgeukia mama yake, na kwa masikio yangu mwenyewe nikamsikia akimwambia: Mama, wanauliza ungependa harusi ifanyike wapi.

Damu ilinipanda. Kumbe hata maneno yangu yalikuwa yakilainishwa! Nikafungua mdomo nimuumbue palepale, lakini yule mama alikuwa ameshaanza kujibu, nikaona kwanza nimsikilize ili niwaumbue wote wawili.

Hakutaja Mwafrika. Hakututaja kabisa. Alisema harusi ifanyike popote, haogopi harusi. Kisha akapangusa macho kama siku ile ya kwanza, akasema, “Baka hindi ka na umuwi.”

Huenda usirudi tena nyumbani.

Binti akanigeukia. “Anasema popote ni sawa,” akaniambia.

Niliona haya, haya ya kweli. Mama yangu mzazi aliniambia maneno hayohayo nilipokuja huku, ameushika mkono wangu hataki kuuachia. Nikamwapia kila Desemba nitakuja. Nilikwenda Desemba mbili. Ya tatu sikwenda, kazi zilikuwa nyingi, na nilipofika Aprili nilionyeshwa kaburi.

Nikamwambia binti leo apumzike. Nikaivuta simu mbele yangu, nikasema na yule mama kwa Kitagalogi changu cha Alhamisi, polepole, “po” nikilitia hata pasipohitajika. Nikamwambia harusi iwe kwake, mimi ndiye nitakayekuja. Nikamwambia kila Krismasi binti yake atarudi nyumbani, na mwanangu asipomleta nitamleta mimi.

Binti alijifunika uso. Mwanangu akaniuliza, “Mama, tangu lini?” Mimi nilikuwa namtazama yule mama. Nilihofia nimekosea neno na kumtukana. Kisha akasogea karibu na kioo, akaniuliza mimi, si mwanawe:

“Kumain ka na ba?”

Nilikuwa nimeshiba pilau hadi shingoni. Nikamjibu bado, po. Akainuka na simu yake mkononi, akanipeleka jikoni, akafunua sufuria ya wali anionyeshe.