Ndugu wa Mke Hapigwi Ngumi

Tup.

Kimya kidogo. Kisha tup tena, na udongo wa ukuta ukadondoka juu ya mfuniko wa mtungi.

Jogoo hawakuwa wamewika. Mokeira akapapasa kitandani kumtafuta mumewe. Upande wake ulikuwa baridi.

Wajukuu zangu wa huku mtandaoni, haya yalimpata mama yangu mzazi, miaka ya thelathini, kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba moja la chai huko Kericho. Wakati huo hakuwa mama wa mtu. Alikuwa bi harusi wa juzi, bado anaona haya kula mbele ya watu.

Akachungulia penye ufa wa ukuta.

Mumewe, Makori, alikuwa nyuma ya nyumba, kifua wazi katika baridi ile. Anarudi nyuma. Anainama. Anapinda kiuno kama mtu anayekwepa nyuki. Kisha anarudi nyuma tena, huku ananong'ona.

Mokeira akarudi kitandani haraka, akajifunika gubigubi.

Kwao Kisii kila mtoto alijua wapo watu wanaoamka gizani, wakavua nguo na kukimbia kinyumenyume kwenye nyua za wenzao. Uchawi wa kurithi huo. Na mchana ni wapole, hutawadhania.

Makori alikuwa mpole ajabu.

Kulipopambazuka akaingia na maji ya mtoni, ameshayapasha moto, akamwambia mkewe aoge kwa hayo, asiende mtoni na kikohozi alichokuwa nacho. Siku nyingine Mokeira angefurahi. Siku hiyo alijiambia: wachawi ndivyo walivyo.

Hakumuuliza kitu. Alimfuata jirani yake Bilhah, aliyekuwa anakwenda sokoni Sotik, akamtuma kwa Orina, kaka wa Mokeira, aliyekuwa kibarua huko. Aje amchukue. Mume ni mchawi, ndoa imekufa.

Sasa niwaambie alichokuwa anafanya Makori.

Alikuwa anajifunza ndondi.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi mashamba yalikuwa yanashindana, na zawadi ilikuwa blanketi zito la sufu. Mokeira alikuwa anakohoa usiku kucha chini ya shuka jepesi. Makori alilitaka blanketi lile kama mtoto anavyotaka nyonyo.

Shida ni kwamba alipokwenda kuposa, baba yake Mokeira alimfanya aahidi hatapigana tena. Katika ujana wake alikuwa moto wa mabua, ukimgusa kidogo anawaka. Basi akafanya mazoezi kwa siri.

Mwalimu wake alikuwa Okoth, mpishi wa meneja, Mjaluo mwenye tumbo la heshima aliyejifunza ngumi jeshini. Okoth alimfungia kapu la kuchumia chai kwenye boriti nyuma ya nyumba, ndani mna magunzi ya mahindi. Unalisukuma, linarudi, unalikwepa, huku unahesabu kwa kunong'ona. Ukikosea linakupiga, halafu linapiga ukuta, mahali ambapo ufa haukuonyesha. Tup.

Mwanzoni kapu lilimpiga Makori kama deni.

"Wewe una haraka ya nini?" Okoth alimwambia. "Mwache mwenzako amalize sentensi. Mkono wake ukitoka, ameacha mlango wa nyumba wazi. Hapo ndipo unajibu."

Akamfundisha asitazame ngumi, atazame kifua, maana bega huondoka kabla ya mkono. Arudi nusu hatua tu, asikimbie, ili ngumi ipite na yeye bado yuko karibu. Ashushe mkono wa kushoto kidogo kama mjinga, amkaribishe mtu apige anapotaka yeye.

Na kuhusu yule bingwa wa Sotik waliyemwita Radi, ambaye Okoth alimwona mara moja akiangusha watu, alimpa siri moja: kabla ya kutupa mkono wa kulia, Radi huinua kidevu.

Ijumaa, wachumaji wametoka kupima majani, Orina akafika kambini.

Jamaa alikuwa na mabega ya kujaza mlango. Hakusalimu. Alimwambia dada yake afunge mizigo, akamwambia Makori ng'ombe wa mahari watarudi, ila kwanza atampiga ili ajue mabinti wa watu si wa kuchezea.

Makori akauliza amekosa nini.

"Jiulize mwenyewe, wewe unayecheza uchi gizani," Orina akasema.

Watu wakatoka majumbani. Mokeira akasimama mlangoni, kifurushi kichwani, moyo umegawanyika. Alimwogopa mumewe, lakini yale maji ya moto nayo hayakuwa yametoka mwilini mwake.

Elewani hapa. Kwetu, ndugu wa mke hapigwi. Ukimpiga shemeji yako umeivunja ndoa kwa mkono wako mwenyewe. Na usipompiga, atakulaza chini na kuondoka na mke. Makori alikuwa kati ya mawe mawili ya kusagia.

Orina akaja.

Makori akarudi nusu hatua. Ngumi ikapita. Akashusha mkono wa kushoto, kama mjinga. Orina akakubali mwaliko, akainua kidevu.

Makori akaona, akapinda kiuno. Mkono ule mzito ukapita juu ya sikio lake, na kabla haujarudi akanyoosha kiganja wazi, akamgusa shemeji yake shavuni. Taratibu, kama unavyomfuta mtoto uji.

Kambi nzima ikasogea karibu.

Orina akatupa nyingine. Akaguswa shavu la pili. Akatupa tena, akaguswa paji la uso. Akina mama wakaanza kucheka chinichini. Orina akatupa mpaka pumzi ikaisha, akakaa kwenye nyasi.

"Shemeji," akasema, anahema, "wewe ni mchawi kweli. Kwa nini hunipigi?"

"Nikikupiga, nitamkosa dada yako."

Mokeira akashusha kifurushi.

Mara Okoth akaja na masufuria ya meneja mikononi. Akamtazama Orina, akamtazama Makori.

"Makori, mbona umemkaribisha Radi nyumbani na mnapigana kesho?"

Radi wa Sotik alikuwa Orina. Huko kwao Kisii hakuna aliyejua. Naye alimficha baba yake vilevile. Akamshika Makori mkono, akamsihi asije akamwambia mzee.

Makori naye akaeleza kapu, ndondi, kikohozi na blanketi. Mokeira alicheka mpaka akakohoa, kisha akalia kidogo, kisha akaenda kusonga ugali wa wimbi.

Kesho yake Makori hakuingia uwanjani. Orina alimwangusha jamaa mwingine, akachukua blanketi, akaja kulitandika kwenye kitanda cha dada yake. Nililalia blanketi hilo nikiwa mdogo. Baba yangu Makori alinifunika nalo mwenyewe kila usiku.

Mama alikuwa akituambia: mwacheni mtu amalize, ndipo mjibu. Yeye angemuuliza mumewe swali moja asubuhi ile, Orina asingetembea barabara yote kutoka Sotik. Lakini Mama naye asingeona mwanamume anavyoweza kushinda bila kuumiza. Wajukuu, hilo ndilo nililotaka mlichukue.

Jumapili Orina aliaga. Alifika kwenye miti ya mikalitusi, akasimama, akageuka.

"Shemeji, njoo Sotik unitembelee. Hilo kapu uje nalo."

Makori akasema atakuja.

"Na Mokeira pia," Orina akapaza sauti. "Msikawie. Njooni."