Betri Ishirini na Nne za Mzee Masjala

Mzee Masjala alistaafu siku ya Ijumaa, na kufikia Jumatatu nyumba yake ilikuwa imekosa pa kupumulia.

Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mkuu wa masjala katika ofisi ya serikali. Kilikuwa chumba cha chini ambako kila barua iliyoingia iligongwa muhuri, ikapewa namba, ikafungiwa kwenye jalada, na mara nyingi ikafia humohumo. Alijivunia kwamba hakuna karatasi iliyowahi kupotea mikononi mwake. Kwamba ni chache tu zilizowahi kujibiwa, hilo halikuwa la idara yake.

Nyumbani, ghorofa ya tatu, hakukuwa na barua. Alikuwapo mke wake, mshonaji, ambaye chumba cha watoto waliokwisha kuhama alikigeuza karakana ya cherehani. Alikuwapo pia mama mkwe wake, bibi wa miaka themanini na mbili, mwenye ulimi mwepesi na presha ya kupanda. Wiki ya kwanza mzee alipanga makopo ya jikoni kwa alfabeti, chumvi ikatafutwa siku mbili. Wiki ya pili alikaa kitini akiangalia mikono yake, na hapo ndipo mkewe alipoingiwa na hofu ya kweli.

Wiki ya tatu binti yao alikuja na zawadi: chaja na betri nne za kuchaji.

"Baba, hizi zikiisha hutupi. Unazichomeka hapa, kesho zinarudi kazini. Mara mia na zaidi."

Mzee alizigeuza viganjani. Kitu kinachotoka, kinachorudi, kinachoweza kuandikwa tarehe ya kutoka na tarehe ya kurudi! Uso ulimng'aa kama wa mtu aliyeitwa tena ofisini kwa barua ya mkurugenzi.

Ndani ya mwezi zilifika ishirini na nne. Kila moja aliipa namba kwa kalamu ya wino mzito. Akanunua rejista yenye jalada gumu, akachora safu: namba, tarehe ya kuchajiwa, kituo cha kazi, maoni. Betri za kutupa zikapigwa marufuku kuvuka kizingiti. Rimoti, tochi, mizani ya jikoni, kengele ya mlangoni, redio ya bibi na saa ya ukutani vyote vikawa vituo vya kazi. Aliyetaka betri alijaza fomu.

"Mkwe wangu, redio imenyamaza," bibi alisema asubuhi moja.

"Jaza ombi, mama."

"Nijaze nini? Imenyamaza, nami nakwambia kwa mdomo wangu."

"Mdomo hauna tarehe, mama."

Bibi alijaza. Ombi likapokelewa, likagongwa muhuri (muhuri alikuwa ameununua), na betri zikatolewa kesho yake, taarifa ya habari ikiwa imeshapita.

Zaidi ya fomu, mzee alikuwa na sera. Betri mpya hakuzioanisha na mpya, wala kuukuu na kuukuu. Kila iliyochoka aliifunga pamoja na yenye nguvu, "ili mnyonge ajifunze kwa mwenzake." Ndivyo alivyokuwa akiwapanga makarani, na kwa kuwa makarani wale wote walistaafu wakiwa wanyonge, hakuona sababu ya kubadilisha mfumo. Matokeo yake tochi ilitoa mwanga wa rangi ya chai, na kengele ya mlangoni ikakohoa badala ya kulia. Wateja wa mkewe walisimama nje na vitambaa vyao mpaka wakaanza kugonga kwa viatu.

Kituo kimoja tu kilimpa raha: saa ya ukutani, aliyoipangia Namba Saba. Miezi saba ilipita saa ikienda bila kuchajiwa. Kila tarehe mosi mzee alisimama chini yake, akasikiliza mshale ukitembea, akaandika kwenye safu ya maoni: "Haijachoka." Kuifungua hakuifungua, maana kanuni yake ya nne ilisema betri iliyo kazini haisumbuliwi.

Habari za Namba Saba zikashuka ngazi. Mwenyekiti wa wakazi, mtu aliyependa mikutano kuliko maamuzi, akamwomba mzee azungumze kwenye kikao cha Jumamosi kuhusu betri za kuchaji majumbani. Mzee akaandika hotuba ya kurasa kumi na nne. Wiki nzima alikuwa akiimba bafuni.

"Mama, tumwambie," mke alinong'ona jikoni.

"Umwambie wewe," bibi akajibu. "Mimi sijamsikia akiimba tangu mlipooana."

Hawakumwambia.

Jumamosi, saa kumi jioni, ukumbi wa chini ulijaa viti vya plastiki na watu wasiopungua arobaini. Mezani mzee alikuwa ameweka chaja, rejista, na ile saa ya ukutani aliyoishusha kama kielelezo. Kipaza sauti cha mkononi kilikuwa na betri mbili mpya za dukani. Mzee alizitoa kwa ncha za vidole, akatia Namba Tatu na Namba Kumi na Tisa, akakohoa.

"Ndugu wakazi," alianza, "betri ni kama mtumishi. Ukimtunza, atakutumikia. Ukimtupa..."

Kwenye ukurasa wa pili sauti ilianza kukwaruza. Kwenye wa tatu ikakatika. Mzee akatabasamu, akatoa mfukoni Namba Nane na Namba Kumi na Moja, za akiba, alizozichaji miezi miwili nyuma na kuzilaza kwenye droo. Kipaza sauti kiliwasha kitaa kidogo chekundu, kikazima.

"Labda nazo zinahitaji fomu!" mtu wa nyuma akasema, na ukumbi ukacheka.

Mzee hakucheka. Alivuta saa karibu. "Mnacheka wanyonge," alisema kwa sauti yake mwenyewe, ambayo ilitosha kabisa ukumbi mzima. "Sasa mtamwona shujaa. Namba Saba, miezi saba kazini!"

Mkewe alifumba macho. Mzee akaigeuza saa, akafungua kifuniko, akaitoa betri na kuinyanyua juu watu waione.

Ilikuwa nyekundu. Haikuwa na namba.

Fundi redio, mwenye kibanda chake mkabala na jengo, alikuwa amekaa mstari wa mbele. Akaikodolea macho. "Mzee, mbona hiyo ni ya kutupa? Ya dukani hapo chini."

Mzee aliitazama betri, akatazama tundu la saa, akaitazama tena betri. "Namba Saba iko wapi?" aliuliza polepole.

Mkono mwembamba ukanyooka mstari wa tatu. "Iko kwenye kopo la vifungo, mwanangu," bibi alisema. "Imepumzika."

Kikao kiliishia hapo, kwani mwenyekiti mwenyewe alikuwa ameinamia meza, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Mzee alipanda ngazi peke yake. Walipomfuata walimkuta kitini, rejista imefungwa magotini.

"Mngeniambia," alisema. "Miezi saba nimeandika uongo kwa mkono wangu."

Bibi alijisogeza, akakaa mkabala naye. Mara hii hakuwa na utani. "Saa ile ilikuwa inachelewa. Wiki mbili nilimeza dawa ya presha saa nzima baada ya wakati wake, na sikujua mpaka kichwa kiliponizunguka. Ndipo nikanunua betri, nikaitia mwenyewe. Fomu yako ina sehemu ya namba, ina sehemu ya kituo. Haina sehemu ya kuandika kwamba mtu anaogopa."

Mzee aliiweka rejista sakafuni. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kumwona aliyeandika barua. Barua ilifika, basi.

"Nisamehe, mama."

"Nilikusamehe siku ileile niliyoinunua. Ila hukuuliza, nami ningesemaje?"

"Na wewe?" akamgeukia mkewe. "Ulinyamaza kwa kuniogopa?"

"Kukuogopa wewe?" Mkewe alitaka kucheka, machozi yakawahi. "Ulikuwa unakaa hapo ukiangalia mikono yako. Zilipokuja betri ukaanza kuamka mapema, ukaanza kunyoa ndevu. Nikasema, heri wateja wagonge kwa viatu."

Jumatatu fundi redio alipanda na mita yake bila kuitwa. Alizipima zote ishirini na nne, mzee akimshikia taa. Tisa zilikuwa zimekufa. Zilizobaki zilikuwa nzima. "Kosa si la betri," fundi alisema. "Nzima ukiifunga na chovu, chovu inamvuta mwenzake chini, zote zinaharibika. Zioanishe zilizolingana. Na hizi za aina yako zinapungua zenyewe hata zikilala tu, kwa hiyo zichaji karibu na siku ya kuzitumia. Zitie kwenye tochi na redio, kwani hizo zinakula sana. Saa inadonoa tu; itie ya kawaida, mwaka unapita. Hizo tisa usizitupe jalalani, nipe nizipeleke zinakopokelewa."

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo mkewe alilisimulia kwa shoga zake wiki nzima.

"Hiyo mita," hatimaye aliuliza, "inatumikaje?"

Fundi akamwonyesha. Kesho yake mzee alishuka kibandani kuuliza swali moja, akarudi wakati wa chakula. Keshokutwa alikuwa na matatu. Siku ya nne fundi alitoka kununua waya, akamwacha kwenye kigoda. Akaja mama mmoja na rimoti iliyokataa kufanya kazi tangu mjukuu wake aichezee. Mzee alitaka kumuuliza tarehe, akajizuia.

"Pole, mama. Ilikuwaje?"

Mama akaeleza kwa kirefu, mjukuu na tabia zake zote, na mzee akamwacha aeleze. Kisha akafungua kifuniko: betri moja ilikuwa imewekwa kichwa chini, miguu juu. Akaigeuza, akabonyeza, kitaa kikawaka.

"Kumbe wewe fundi!" mama akashangaa.

Mzee hakukubali wala kukataa. Jioni ile alimkuta mkewe kwenye cherehani, akamwomba kesho amfungashie chakula.

"Unakwenda wapi?"

"Kazini," alisema, akaingia kuoga.