Siku ya Mwisho ya Kozi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata leo naikumbuka. Nakuandikia wewe unayeitwa kwenye kozi za wasimamizi wa mashamba na wathamini wa ardhi, unasaini jina asubuhi, unakunywa chai ya saa nne, kisha unatoweka. Usinikatalie. Nakujua, kwa sababu nilikuwa wewe.

Shule mimi niliiacha darasa la tatu. Lakini baba yangu alikuwa polisi, tumetoka kaskazini, na Kiswahili cha kambini nilikimudu kuliko majirani. Wahindi walipofukuzwa nchini na serikali ya jeshi, shamba moja la kahawa huko Kyebando alipewa kapteni wa jeshi. Mnyapara wa zamani akaogopa, akarudi kwao. Kapteni akataka mtu wa kusema na vibarua na kusema naye pia, akaniweka mimi, msichana wa miaka ishirini na minne, kichwa kikubwa kuliko kitambaa chake.

Nikapelekwa kozi ya wiki mbili mjini, Wandegeya. Tulikuwa wanyapara na wathamini pamoja, maana anayelima shamba na anayelikadiria thamani wote lazima waujue mti. Kwenye benchi langu aliketi mzee mmoja mthamini, tukimwita Ssalongo kwa kuwa alikuwa baba wa mapacha. Alithamini mashamba tangu enzi za Waingereza, na bado aliandika kila neno la mwalimu. Tulimcheka. Nikamwambia, "Ssalongo, wewe kusoma hakuishi?"

Akajibu bila kuinua kichwa, "Kahawa yenyewe haijaacha kukua, binti yangu. Niache mimi?"

Siku ya mwisho, asubuhi, mwalimu akanituma duka la uchapaji nichukue vyeti. Nikavikuta vingali vinanuka wino. Nikatafuta jina langu, nikaliona. Mwanangu, sikuwahi kuona jina langu limechapwa! Vile vingine nikavirudisha mezani kwa mwalimu. Changu nikakitia kifuani, nikaenda kupigwa picha nacho. Nilijiambia, cheti si ninacho? Narudi kufanya nini?

Somo la mchana ule lilikuwa moja tu. Mti mzee wa kahawa ukiukata ubaki kisiki ili uchipue upya, acha shina moja limesimama na majani yake, liwe la kunyonyesha, likilishe kisiki mpaka machipukizi yapate nguvu. Kukata nilikuwa nimefundishwa. Kuacha sikufundishwa, kwa kuwa nilikuwa mbele ya kamera nimekunja miguu.

Kiangazi kilipoingia nikaamuru wakate. Msumeno aliushika Karoli, mkimbizi wa Kongo, mtu mpole mwenye watoto watatu. Aliniuliza mara moja tu, "Mama, tunakata yote? Hatuachi hata shina moja?"

"Nani ana cheti hapa, wewe au mimi?"

Akakata. Kipande chote cha juu kikabaki visiki vitupu, urefu wa goti.

Wiki ya tatu kapteni akaja na Landrova, askari wawili nyuma, na mthamini kiti cha mbele, maana alitaka shamba lake lithaminiwe. Mthamini mwenyewe Ssalongo. Kapteni akashuka, akatazama. Hakupiga kelele. Siku zile, mwanangu, mwenye kelele hukumwogopa sana. Uliyemwogopa ni aliyenyamaza.

"Nani nakata kahawa yangu?" akauliza kwa Kiswahili chake cha kambini.

Askari mmoja akauona msumeno mkononi mwa Karoli, aliyekuwa akikatakata matawi yaliyoanguka, akamsukuma mpaka akapiga magoti. "Huyu Mkongo, afande. Wametuma yeye kuhujumu uchumi."

Neno hilo lilikuwa kaburi. Watu walitiwa kwenye buti ya gari kwa neno hilo, wasionekane tena.

Nami nilinyamaza. Sikufichi. Karoli alinitazama, mimi nikatazama viatu vya kapteni.

Ssalongo akainama kwenye kisiki, akakwangua gome kwa ukucha. Chini yake pakaonekana ubichi. "Huu uko hai, afande." Akakwangua cha pili. Kahawia, kikavu. "Huu umekufa."

"Sasa wewe naandika nini? Shamba mzima ama maiti?"

"Siandiki kitu, afande, mpaka mvua inyeshe. Leo sijui."

Kumwambia mwenye bastola "sijui"! Mimi niliyejua nusu nilijaa majibu, na mzee aliyesoma maisha yake yote hakuona haya kusema hajui. Ndipo ulimi wangu ukafunguka. "Afande, ni mimi nilimwamuru. Karoli aliuliza, nikamkemea." Nikachomoa na cheti, nikidhani kitanikinga.

Kapteni akakisoma polepole. "Karatasi nasema wewe najua kazi. Mtu najua, tena naharibu. Basi ni makusudi."

Unaona, mwanangu? Karatasi niliyoikimbilia ndiyo ilikuwa inanishtaki. Mlango wa kutokea ulibaki mmoja, nao ulikuwa aibu.

"Afande, sikumaliza kozi. Siku ya mwisho nilitoroka, nikaenda kupigwa picha."

"Picha?"

"Picha, afande. Na cheti."

Akamgeukia mzee. "Kweli?"

"Kweli, afande. Benchi lilikuwa na nafasi, siku ile nilinyoosha miguu."

Askari mmoja akashindwa kujizuia, akacheka. Kapteni akacheka pia. "Huyu si adui, huyu mjinga tu!" Akakichana cheti, akamwashiria Karoli asimame. Alipokuwa anapanda gari akasema, "Mvua nanyesha, mimi narudi. Kahawa ikikataa kuota, wewe utapiga picha ingine."

Ssalongo hakuondoka nao. Alisubiri vumbi litulie, akaniambia, "Ungesema mapema, huyu asingepiga magoti. Na ungekaa kitini, pasingekuwa na la kusema. Keti." Nikaketi chini, na Karoli kando yangu. Akafungua daftari lake, akatusomea somo la siku ya mwisho, mstari kwa mstari.

Tukavitandazia visiki nyasi, tukangoja. Kila gari lililopita nilikimbia kuchungulia barabarani. Mvua ikaja, vingi vikachipua, na palipokufa tukapanda miche. Kapteni hakurudi. Siku zile hata waliochukua watu walichukuliwa wao.

Siku moja tukipalilia, Karoli akaniambia, "Mama, siku ile ulikawia kusema." Akaendelea na jembe lake.

Basi sikia. Ukiitwa kozi, kaa mpaka mwalimu afute ubao, na mwakani ukiitwa tena, nenda, hata kama mvi zimekujaa. Mficha uchi hazai: usichokijua kiseme, kiseme mbele ya wadogo na mbele ya wakubwa. Anayeshika msumeno akikuuliza swali, usimjibu kwa cheti, maana ujinga wako wewe bwana msimamizi haukupigishi magoti wewe kwanza. Humpigisha yeye. Na ukikosea, usikawie kama nilivyokawia mimi.

Mungu akupe subira ya kukalia benchi gumu, akupe na mzee wa kukaa karibu yako. Na kila utakachokata kwa mkono wako, kichipue.