Maiti Kwenye Kitanda cha Mtunzi

Rahab alikuwa ameosha maiti wengi kuliko watoto, na maiti hawakumtisha. Kilichomtisha ni mzee aliye hai kumpotea mkononi. Kule Eagan, Marekani, kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi, msimamizi alishamwambia: "Mzee mmoja tu akikupotea, Rahab, sare yetu uivue hukohuko uliko."

Siku hiyo Mzee Maurice alitimiza miaka themanini na tisa. Alikuwa amepiga kinanda cha kanisa miaka hamsini. Jina la marehemu mkewe lilishamtoka kichwani, lakini nyimbo zilibaki vidoleni. Rahab akamwombea ruhusa, akampeleka mji wa jirani, Saint Paul, kwenye nyumba ambayo tajiri mmoja aliijaza vitu vya mtunzi wa muziki wa Kijerumani, mtu aliyekufa kabla babu wa babu yako hajazaliwa. Vyumba vilipangwa kana kwamba mwenyewe katoka kidogo tu, anarudi.

Mlangoni wakapewa mifuko ya kuvika viatu. Rahab akamvika mzee, kisha akainama kuvaa yake. Kuinuka, mzee hayupo.

"Mzee Maurice?" akaita polepole, kama mtu anayeita kuku asije akakimbia.

Akapanda ngazi tatutatu, moyo ukimdunda hata vikombe vya kabatini vikagongana. Chumba cha kwanza, hakuna mtu. Cha pili, mapazia yamefungwa, giza la jioni mchana kweupe. Kitandani kalala mzee mwenye nywele nyeupe, shuka hadi kidevuni. Chini ya kitanda, viatu vya kahawia vya Maurice, na mifuko yake.

Akamshika mkono. Baridi. Akatafuta mshipa. Hakuna. Akaweka shavu puani. Hakuna.

"Yesu wangu, umeniulia mzee siku yake ya kuzaliwa!"

Kwao Murang'a, Kenya, maiti haachwi bila wimbo. Akamnyoosha vidole, akapiga magoti, akaanza wimbo wa maziko. Ubeti wa pili, ukuta ukaitikia. Kinanda! Kikamfuata neno kwa neno, kwenye nyumba isiyo na mpigaji. Rahab akajua mtunzi mwenyewe karudi. Akataka kunyamaza, mdomo ukaendelea kuimba wenyewe.

Mlango ukafunguka. Alikuwa Abigail, binti anayetembeza wageni.

"Mama, mbona unamlilia sanamu?" Akafunua shuka. Kuanzia kiunoni, mtunzi alikuwa gogo la mti.

Rahab akaruka hadi chumba cha tatu. Maurice kakaa kwenye kinanda cha mtunzi, ndani ya kamba ya kuzuia watu, soksi zikikanyaga vibao vya miguu. Wapiga vinanda wa kanisa huvua viatu.

"Umeanza juu mno," akasema. "Rudia, chini kidogo."

"Hicho hakiguswi!" Abigail akachomoa kalamu. "Nyumba yenu ya wazee lazima iandikiwe. Mama, alikuwa na wewe muda wote?"

Rahab akafungua mdomo.

"Huyu?" Maurice akadakia. "Tangu tuingie hajanipa pumzi. Ananiimbia tu!"

Abigail akawatazama wote wawili, akafunika kalamu.

Kutoka hapo hadi Eagan, Rahab aliendesha gari kwa mkono mmoja. Wa pili ulishika mkanda wa suruali ya Maurice.